Nyumba Isiyogusa Ardhi

Watu wa Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi, walipomwona Tharcisse akikata viti vya basi bovu kwa moto wa kulehemu, walidhani anataka vyuma. Basi lilikuwa la zamani, la kubebea wafanyakazi wa zamu, nalo lilikuwa limetupwa miaka mingi nyuma ya karakana alikofanya kazi mpaka alipostaafu. Vioo viwili havikuwepo na majani yalikuwa yameota mpaka kwenye usukani. Jirani mmoja alisimama akamtazama kwa muda, kisha akamuuliza anatengeneza nini.

"Nyumba ya bibi yangu," alisema Tharcisse, wala hakuinua kofia ya kulehemu usoni.

Jirani alicheka. Tharcisse hakucheka.

Bibi yake, yaani mkewe, aliitwa Mushiya, mshonaji, mwanamke mrefu mwenye mabega ya mtu aliyebeba maji tangu utotoni. Alizaliwa kaskazini, upande wa Kabongo, na alipokuwa bado msichana mama yake alifariki akamwachia kitoto cha kiume kilichokuwa kinatambaa. Kitoto hicho ni Kabemba. Mushiya alimlea mdogo wake huyo mgongoni, na Tharcisse alipokuja kumposa akaambiwa wazi kwamba anachukua watu wawili. Alikubali. Kabla ya binti yao Jeanne kuzaliwa, nyumba yao ya Kolwezi ilikuwa tayari na mtoto, na mtoto huyo alimwita Mushiya "yaya", kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa.

Kabemba alikua akawa dereva wa taksi-moto, pikipiki ya abiria. Alikuwa mpole, mwenye kucheka kwa pua, na alipenda kila kitu chenye injini. Jioni alikaa na shemeji yake wakibishana kuhusu gia na breki mpaka Mushiya awafukuze mezani. Alisema siku moja ataendesha lori kubwa, la kwenda mpaka baharini.

Kisha ikaja ile miaka ya kobalti. Katika mtaa wao mtu mmoja alichimba shimo la choo akatoa jiwe jeusi. Habari haikukaa hata wiki. Watu walibomoa sakafu za vyumba vyao wenyewe, wakatundika maturubai mlangoni ili jirani asione, na usiku na mchana ulisikia nyundo chini ya miguu ukitembea barabarani. Kabemba aliuza pikipiki akaanza kuchimba katika chumba cha nyuma. Tharcisse hakupenda, lakini mtaa mzima ulikuwa unachimba, na wasipochimba wao wangechimbiwa na jirani kwa pembeni.

Mushiya aliweka cherehani yake karibu na mdomo wa shimo. Alishona sare za shule huku mdogo wake akifanya kazi chini yake, kwenye giza, mita nyingi kwenda chini. Chakula kikiwa tayari alichukua mchi akagonga sakafu. Kutoka chini Kabemba alijibu kwa nyundo, mara tatu, pumziko, mara mbili: nimesikia, naja. Baada ya muda kichwa kilitokea, cheupe kwa vumbi, na meno yakicheka.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Mchana Mushiya aligonga, naye Kabemba akajibu. Bukari, ugali wa kwao, ilikuwa mezani, imefunikwa. Kisha sakafu ilishuka kidogo, kama godoro mtu anapolikalia, na cherehani ikainama upande mmoja. Hakukuwa na kishindo. Upepo tu ulitoka shimoni, upepo baridi wenye vumbi, ukamfikia usoni.

Wanaume walichimba kutoka pande tatu. Mashimo ya majirani yalikuwa yamekutana huko chini bila mtu kujua, na udongo wote ulikuwa umelegea. Kila walipotoa ndoo moja ya udongo, ziliporomoka mbili. Mushiya alikaa pale pale akiwa ameshika mchi. Aligonga, akasikiliza, akasema, "Ananijibu. Sikilizeni." Wanaume walilala kifudifudi, masikio ardhini. Hawakusikia kitu. Mwisho wakaja askari, mtaa ukafungwa, ukazungushwa ukuta. Ikatangazwa kwamba kampuni imepewa mahali pale na wenyeji watahamishwa.

Ndugu walitoka kaskazini kuja kufanya kilio. Mushiya aliwarudisha wote.

"Siwezi kulia mutu mwenye anagonga," alisema.

*

Walipewa nyumba Dilala, moja ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, za matofali mekundu na veranda ndogo. Ilikuwa nyumba nzuri. Wiki ya kwanza Mushiya aliamka, akashuka kitandani, akalala kwenye saruji.

"Iko chini," alimwambia Tharcisse.

"Nani?"

"Unajua."

Tharcisse alilala kando yake akatega sikio. Alisikia mbwa wa jirani na pikipiki za mbali. Hakumwambia kwamba anaota. Alikuwa mtu wa vyuma, aliyezoea kuangalia kwanza na kusema baadaye.

Alimpeleka kwa binti yao Jeanne, aliyeolewa Dilolo, karibu na mpaka wa Angola, mahali pa mchanga pasipokuwa na shimo hata moja. Alidhani umbali utasaidia. Huko pia Mushiya alisikia. Mchana, akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo, uani na wajukuu wakicheza, mkono ulisimama hewani, akainama, akageuza sikio chini. Jeanne alilia kumwona mama yake hivyo. Mushiya alikonda. Alisema sauti si ya kutisha, ni ileile ya kuitikia chakula, na kwamba jambo baya ni hilo hasa: mtu ameitikia, amesema anakuja, na sahani imefunikwa.

Walirudi Kolwezi kwa treni, safari ndefu, treni ikisimama vichakani kwa saa nyingi bila sababu. Na ndani ya treni ile, juu ya magunia ya mihogo, Mushiya alilala usingizi wa mtoto. Alilala kutwa, akalala usiku, akaamka akiwa na alama za gunia shavuni.

"Mu treni sikusikia kitu," alisema, akishangaa.

Tharcisse alitazama magurudumu ya behewa lililokuwa limesimama kando yao. Alitazama nafasi iliyokuwepo kati ya sakafu ya behewa na ardhi. Hiyo ndiyo siku alipokumbuka basi lililokuwa nyuma ya karakana.

*

Alilitengeneza kwa muda wa karibu mwaka mzima. Nyuma aliweka kitanda cha vyuma, juu yake masanduku ya nguo. Katikati alifunga cherehani ya Mushiya sakafuni kwa bolti, mbele ya dirisha, ili ashone akitazama njia. Mbabula, jiko la mkaa, ilikuwa na bomba la kutoa moshi juu ya paa. Kulikuwa na pipa la maji, rafu ya sufuria yenye kizuizi, na mapazia ya kitenge kilichobaki kwenye mavazi ya kwaya. Mashine ya kulehemu ilikaa kwenye sanduku la nje. Walipotoka, watoto wa mtaa walilikimbilia wakipiga kelele, "Nyumba inaenda!"

Walipita Fungurume katikati ya foleni ya malori ya mgodi, wakaacha lami, wakashika njia ya kaskazini ya kupanda milimani. Lengo halikuwepo. Tharcisse alisema watakwenda mahali kuna vyuma vilivyokatika, na vyuma huvunjika kila mahali.

Ilikuwa kweli. Kule juu, kwenye uwanda wa Biano na milima inayouzunguka, vijiji viko mbali na fundi wa kulehemu hafiki. Tharcisse aliunga fremu za baiskeli, malango ya zizi, majembe, na mara moja kengele ya kanisa iliyopasuka, ambayo baada ya hapo ilitoa sauti ya sufuria lakini ilitoa. Mushiya alishona sare na mavazi ya kwaya. Walilipwa mahindi, maharagwe, kuku, mara nyingine noti. Walikaa siku chache, kisha wakasogea.

Ni nchi ya majani na upepo. Mwezi wa sita asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi, na ng'ombe wanatoa moshi puani. Mtu akitoka kwenye joto la Kolwezi hashawishiki kwamba bado yuko Katanga. Barabara inapita mgongoni mwa mlima, inaonekana mbele kama kamba nyekundu iliyotupwa, kisha inaingia kwenye bonde lenye miti na huioni tena. Mushiya alipenda asubuhi, wakati Tharcisse anapasha injini moto na chai inatetemeka kwenye kikombe. Alinenepa. Alianza tena kuimba akishona. Kati ya kitanda chake na dunia kulikuwa na magurudumu na hewa, naye alilala.

Mtu aliyeleta neno la kwanza ni mama mmoja aliyeitwa Angèle, wa kijiji kidogo kando ya mto, aliyeshonewa gauni. Jioni alileta chakula cha kuwashukuru: samaki, na vibonge vitatu vya bukari.

"Tuko wawili, mama," Tharcisse alimwambia.

Angèle alitazama ndani ya basi, juu ya bega lake. "Na ule kijana? Ule mwenye alikuwa anaikala nyuma, mu dirisha, wakati munaingia?"

"Hakuna kijana."

"Ah," alisema Angèle. Aliacha vibonge vitatu vyote, akaenda zake upesi kidogo.

Tharcisse aliona ni macho ya mama mzee. Lakini baada ya majuma kadhaa, mbali na pale, mchungaji wa ng'ombe aliyemletea lango lililovunjika alimuuliza kwa nini kijana wao hashuki kumsaidia kunyanyua. Na mahali pengine watoto walisimama nyuma ya basi wakipunga mkono kwenye kioo, wakicheka na mtu. Tharcisse aliwaendea. Nyuma ya kioo kulikuwa na kitanda, na blanketi limekunjwa vizuri.

Hakuwa amemweleza mkewe, lakini Mushiya alikuwa amesikia yote. Alikuwa anapasua maganda ya maharagwe kwa kisu. Alisema bila kuinua macho:

"Alipenda sana motokari."

"Mama Jeanne, leka hayo."

"Mi sikuwaita. Benyewe njo banamuona. Mi simuoni." Akachukua ganda lingine. "Mi hata kumuona simuoni."

Tharcisse alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Alijiona mjinga. Alikuwa amejenga nyumba ya kumtoa mkewe kwa marehemu, kumbe marehemu alipanda nao. Kilichomsumbua si woga. Kilichomsumbua ni kwamba mkewe aliyesema hasikii tena kitu alikuwa ameanza kusogeza nguo kitandani upande mmoja, kama mtu anayempisha mwingine akae.

*

Ajali ilitokea mwezi wa tatu, katika siku za ukungu. Kule juu ukungu wa masika huingia mchana kama moshi wa shamba, ukakuondolea mlima uliokuwa mbele yako. Walikuwa wamesimama penye mteremko mdogo kwa sababu mafuta ya giaboksi yalikuwa yanavuja. Tharcisse aliweka mawe kwenye magurudumu, akainua upande mmoja kwa jeki, akatandaza gunia akaingia chini ya basi. Mushiya alikuwa ndani, anashona.

Tharcisse alisema baadaye kwamba alikuwa amelala chali, uso chini ya giaboksi, kichwa kikiwa kimegusa ardhi, na alikuwa anafikiria bolti tu. Ndipo akasikia. Haikuwa juu, kwenye basi. Ilitoka chini ya fuvu lake. Mara tatu, pumziko, mara mbili. Ilikuwa nyundo ndogo kwenye jiwe, mbali kwenda chini. Alishika pumzi. Ikaja tena, karibu zaidi.

Mtu wa karakana anajua kwamba chini ya gari hutoki kwa haraka. Tharcisse alitoka kwa haraka. Kiwiko chake kiligonga jeki, jeki ikateleza kwenye matope, na basi likashuka juu ya mguu wake wa kushoto.

Mushiya aliona dunia inainama nje ya dirisha, akasikia mumewe anaita jina lake mara moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji. Alimkuta ameuma gunia. Mushiya hakupiga kelele, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuzisikia. Alirudisha jeki, akatafuta jiwe la bapa la kuiwekea chini, akainua taratibu kama alivyomwona akifanya miaka yote, akamvuta kwa makwapa. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti na damu ilikuwa nyingi. Alikata vazi jipya la kwaya, jeupe, akafunga juu ya kidonda, akakaza kwa kusokota mkasi ndani ya fundo.

Hospitali ya misheni ilikuwa chini, bondeni, baada ya mteremko ambao Tharcisse mwenyewe aliuogopa. Mushiya hakuwa amewahi kuendesha gari.

"Utaendesha," Tharcisse alisema, akiwa amelazwa kitandani nyuma ya basi, jasho limemjaa. "Mi nitakuambia. Klachi ni ya kushoto. Kanyaga. Sasa ya kwanza, vuta kwako halafu mbele."

Basi lilizimika mara nyingi kabla ya kuondoka. Kisha likaondoka, na Mushiya akashika usukani kama mtu anayemshika mbuzi pembe. Ukungu ulikuwa umeacha hatua chache tu za barabara. Kutoka nyuma sauti ya mumewe ilimwongoza: punguza, sasa ya pili, usikanyage breki sana, acha injini ilishike. Walivuka daraja la magogo, naye akasikia mbao zinalia chini yao. Baada ya daraja barabara iliinama kwenda bondeni, mkono wa kulia ukuta wa mlima, mkono wa kushoto weupe mtupu.

"Mama Jeanne," sauti ilisema, dhaifu. Kisha ikanyamaza.

Alimwita. Hakujibu. Hakuweza kugeuka, maana kona ilikuwa inakuja na basi lilikuwa linaongeza mwendo. Alikanyaga breki, ikaingia mpaka sakafuni, laini. Hapo sauti ikaja tena kutoka nyuma, imetulia, karibu na sikio kuliko mwanzo.

"Polepole, yaya. Usiogope. Rudisha mu ya kwanza. Kanyaga klachi, kamata kwako. Vile. Leka motere ifanye kazi."

Alifanya. Injini ililia kwa sauti kubwa, basi likashikika.

"Kona. Songa ku ukuta. Songa tena, hata ikigusa haina neno."

Alisogea mpaka ubavu wa basi ukakwaruza mwamba. Kona ikapita. Kulikuwa na nyingine, na nyingine, na kila moja sauti ilisema kabla haijaonekana. Mushiya alikuwa analia, lakini mikono yake ilikuwa inafanya kinachosemwa. Alijua tangu neno la kwanza. Kwa miaka yote ya ndoa, Tharcisse hakuwa amewahi kumwita yaya.

"Kabemba," alisema.

"Angalia njia, yaya."

Hakusema tena jina hilo. Ukungu ulianza kupasuka, yakaonekana mabati ya misheni, miti ya maembe iliyopandwa kwa mistari, na watu waliokuwa wanatoka shambani wakisimama kutazama basi lililochubuka ubavu wote likija kwa gia ya kwanza. Alilizima mbele ya hospitali kwa kuligonga taratibu kwenye kichuguu. Kisha aligeuka. Tharcisse alikuwa amelala, macho yamefungwa, anapumua. Kichwa chake, ambacho kwenye barabara ile kilipaswa kugongwa na chuma cha kitanda mara mia, kilikuwa kimeegemezwa kwenye blanketi lililokunjwa. Mushiya hakuwa ameliweka yeye.

*

Mguu haukukatwa, lakini haukunyooka tena. Walikaa misheni mpaka kiangazi. Siku moja wakiwa uani, juani, Mushiya alimuuliza alisema maneno gani baada ya daraja.

"Sikusema kitu. Daraja yenyewe naikumbuka nusu."

Tharcisse alikuwa anachora ardhi kwa gongo lake.

"Mama Jeanne. Jeki haikuteleza yenyewe. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

Aligonga ardhi kwa gongo: mara tatu, pumziko, mara mbili.

Miaka yote Mushiya alitamani mtu mmoja tu asikie pamoja naye. Sasa alikuwa amempata, na kitu pekee alichohisi ni baridi. Alishika gongo, akalizuia.

"Tunamukimbia bure," alisema Tharcisse. "Twende tumulilie. Amechoka, na sisi tumechoka."

Mushiya alikubali. Alijifunza kuendesha vizuri uani mwa misheni, kwa kuwa mumewe hakuweza tena kukanyaga klachi, na mwezi wa nane waliteremka hadi Kolwezi, yeye akiwa kwenye usukani.

Alitaka kilio kifanyike karibu na mahali penyewe, hata ukutani kwa nje. Honorine, jirani yao wa zamani aliyekuwa amebaki karibu na mtaa ule akiuza mkaa, aliwatazama kwa huruma.

"Hamukuambiwa?" aliuliza. Akafunga kanga kiunoni, akawapeleka kwa njia ya nyuma, juu ya kilima cha udongo uliotupwa, mahali ambapo mtu anaweza kuona ng'ambo ya ukuta.

Walitazama. Mtaa haukuwepo. Si nyumba tu. Ardhi yenyewe haikuwepo. Kulikuwa na shimo lenye ngazi kubwa, lenye upana wa mitaa kadhaa, na huko chini mashine zilionekana kama vitu vya kuchezea. Mushiya alijaribu kutafuta ilipokuwa nyumba yake. Alianza kwenye mnara wa kanisa uliobaki ng'ambo, akahesabu njia kwa kidole, kona, duka, kisima. Kidole chake kilisimama. Kilikuwa kinaonyesha hewa. Ndege walikuwa wanapita hapo.

"Udongo ulienda wapi?" aliuliza.

"Mu ma-kamiyo, mama. Kila siku, ma-kamiyo. Mawe yote balibeba."

"Balikuta mutu?"

Honorine alitazama mashine huko chini. "Nani ataangalia? Mashine haiangalie."

Mushiya alikaa chini kwenye udongo ule uliotupwa. Malori yale alikuwa ameyapita. Siku waliyotoka Kolwezi walikaa kwenye foleni Fungurume, pua ya basi ikikaribia kugusa turubai la lori lililotangulia. Alikumbuka vumbi lililoingia dirishani na jinsi alivyolipangusa kwenye cherehani kwa kiganja.

Hakulia pale. Alilia siku ya kilio, uani kwa Honorine, ndugu walipotoka kaskazini na kuketi kwenye mikeka, na katekista akasoma, na wanawake wakaimba nyimbo za kwao za kumwita marehemu kwa majina ya babu zake. Hapakuwa na mwili. Waliweka shati lake katikati. Mushiya alilia mpaka sauti ikakauka, na Tharcisse alilia pia, mguu mbaya umelazwa mbele yake. Watu walisema imekwisha vizuri.

Baada ya hapo walijaribu kukaa nyumbani Dilala. Mushiya alishuka kitandani mara moja tu, akaweka sikio kwenye saruji. Chini palikuwa kimya. Alikaa hivyo mpaka alfajiri, akisikiliza ukimya huo, na Tharcisse alipoamka alimkuta ameshika funguo za basi.

"Haiko tena hapa," alisema.

Mpaka leo wako njiani, juu Biano wakati wa kiangazi, kwenye lami wakati wa mvua. Mushiya ndiye dereva, nguo zake za kushona zimewekwa nyuma ya kiti. Kule milimani hakuna tena aliyewauliza kuhusu kijana, naye Mushiya amekiri kwa mumewe kwamba njia imekuwa ndefu tangu hapo.

Mwezi wa kumi na moja uliopita foleni iliwashika karibu na Fungurume. Mbele yao kulikuwa na lori lenye turubai lililochanika pembeni, na kila upepo ulipovuma udongo mwekundu ulimwagika kidogo barabarani. Mushiya alizima injini, akachukua sindano ya magunia na uzi wa nailoni, akashuka. Alipanda kwenye gurudumu la lori akaanza kushona mpasuko.

Dereva alikuja mbio, kisha akapunguza mwendo alipoona ni mama mtu mzima.

"Mama, nani alikutuma?"

"Hakuna. Inamwangika, baba. Si vizuri imwangike mu njia."

Dereva alisimama, mikono kiunoni. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Unapeleka wapi?" Mushiya aliuliza.

"Mi naishia Kasumbalesa, ku mpaka. Kule mwengine anakamata. Banasema inafika mpaka ku bahari."

"Ku bahari," alisema Mushiya.

"Njo banasema. Mi sijafika."

Aliendelea kushona, mishono mikubwa, ya karibu karibu, akivuta uzi kwa meno. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya turubai, mahali ambapo mzigo ulikuwa umejaa na kusukuma kwa nje. Foleni ilianza kusogea. Nyuma malori yalipiga honi, na Tharcisse alitoa kichwa dirishani akamwita. Dereva alipanda kwenye lori lake na kuwasha injini, lakini hakuondoka. Alimngoja mpaka akafunga fundo.